Nilidhani Ananimulikia

Kama umeshika kitu kigumu kwenye titi lako ukiwa unaoga, kisha ukakinyamazia, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Udaktari sikufundishi. Skola ya Kireno niliisoma kidogo tu, vita ile ya zamani ikanitoa darasani, na chuo cha Kurani nikakimaliza. Udaktari waulize wenyewe. Mimi nitakwambia yale ambayo wao hawakwambii: benchi la kungojea linavyouma, chakula kinavyogeuka adui, nani wa kwenda naye hospitali na nani wa kumwacha nyumbani. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Ugonjwa ulinichukulia titi moja. Waliotaka kuninyang'anya mtoto ni watu. Watu hao wana majina, na nitawataja, maana wao walipolitaja langu hawakuniuliza.

Naitwa Mwanaisha. Hapa Palma wananiita Mama Rehema, kwa jina la mtoto wangu wa mwisho, wa kike peke yake. Wakati huo Rehema alikuwa na miaka kumi na tisa na bado yuko darasa la kumi na moja, kwa kuwa ukimbizi ulimlia miaka yake. Alikuwa ameposwa na Abudo, kijana wa kijiji cha Mute mwenye duka la vipuri vya pikipiki. Tulikubaliana amalize skola kwanza, ndipo aolewe.

Kile kitu nilikishika msimu wa korosho. Nilikuwa nimetoka kuchoma, mikono myeusi kwa mafuta yake, naoga, najisugua, kidole kikakwama. Kama kokwa ya ubuyu chini ya ngozi. Haikuuma. Hilo ndilo linalodanganya watu, haliumi. Nilimwambia mume wangu, Sumaila, naye akasema labda ni jipu. Tukalingoja lipasuke. Jipu la korosho likafika hadi mvua za kwanza bila kupasuka, ndipo kituo cha afya wakanishika na kuniambia niende hospitali kubwa ya Nampula.

Kwetu mgonjwa wa kike hapelekwi na mume. Mume atakaa nje na wanaume wenzake. Wa kukuvua na kukuosha ni ndugu zake wa kike, maana tunasema ukishaolewa, aibu yako ni aibu yao. Kwa hiyo nilipelekwa na Ancha, dada yake Sumaila. Kwangu ni wifi, kwa Rehema ni shangazi. Na shangazi kwetu si mgeni wa harusi. Ndiye anayemweka mwari ndani, anamsinga, anamwambia yale ambayo mama haruhusiwi kusema. Ancha ni mchangamfu, mcheshi, simu haimtoki mkononi. Akikosa mega za kuingilia mtandaoni anakuwa kama mtu aliyekosa tumbaku. Nilifurahi kupewa yeye.

Kule hospitali mlango niliotumwa umeandikwa CONSULTA DE MAMA. Herufi nazijua. Nikasoma "mama", nikageuka.

"Ancha, tumekosea. Hapa ni pa wazazi. Mimi nimeshafunga uzazi."

"Kweli, wifi. Hebu tukaulize wale."

Tukaenda kukaa kwenye benchi la wajawazito. Tukakaa mpaka adhuhuri ikatupita, wanawake wanaingia na matumbo yao wanatoka, mimi nimeshika kokwa yangu. Mwisho akaja enfermera, yule nesi, akipiga kelele, "Dona Mwanaisha! Dona Mwanaisha yuko wapi?"

"Niko hapa."

"Huku unafanya nini? Una mimba?"

"Sina mimba. Pale pameandikwa pa mama."

Yule dada akajipiga titi lake mwenyewe, pwaa, mbele ya watu. "Mama ni hili! Kwa Kireno mama ni titi!"

Wajawazito wakacheka, mmoja akashika tumbo akisema msinizalishe hapa. Na mimi nikacheka. Nilicheka kweli, nikawaza, Wareno hawa, kwetu mama ni mtu mzima, kwao ni kipande cha mnofu. Nasimulia mapema ili ujue kwamba neno hilo nililifahamu kwa kicheko. Wengine waliligeuza panga.

Kwenye benchi lenyewe, lile la kweli, nilikutana na bibi wa Kimakonde kutoka Pundanhar, Lusia, mwenye chale usoni za zamani. Kila nilipotetemeka ananipa kipande cha ukwaju wenye chumvi, ninyonye. "Mimi walinichanja uso ili nipendeze," ananiambia, "sasa wananichanja kifua, na mahari hawaleti." Kama utakwenda, chukua ukwaju. Utakusaidia kuliko maneno ya ndugu.

Nilikatwa mvua zikiwa katikati. Niliamka nimefungwa kifua kama mzigo wa kusafirisha. Sitakueleza maumivu, utayajua mwenyewe au Mungu atakuepusha. Nitakueleza siku ya kufunguliwa kidonda. Enfermera alikuwa ananibandua bandeji, umeme ukakatika. Wodi ikawa giza la mvua, alasiri kama magharibi. Ancha akasimama nyuma ya bega la enfermera na simu yake, taa imewaka, akainyoosha juu ya kifua changu. Kitambaa kimenidondoka kichwani. Niko wazi mpaka kiunoni. Sijawahi kukaa hivyo mbele ya mtu, hata mbele ya Sumaila nikiwa mzima.

Mimi nilidhani ananimulikia.

Nikamwambia, "Asante wifi. Mungu akulipe."

Sasa dawa. Baada ya kukatwa kuna dripu. Ya kwangu ilikuwa nyekundu kama juisi ya rosela, na ukienda kukojoa inatoka nyekundu vilevile, usiogope. Mwaka wangu nauhesabu kwa dripu hizo. Dripu ya kwanza, mvua zinaondoka. Ya pili, upepo umeanza kugeuka kuwa wa baridi. Ya tatu, watu wanavuna mpunga. Nywele ziliniacha kwa mafungu, nazikuta kwenye mkeka. Kucha zikawa nyeusi. Uso ukawa kama sufuria ya kuni, nikawa napaka msiro kila asubuhi, ule weupe tunaojirembea, lakini mimi sikuwa najiremba, najificha. Na samaki! Mimi mtoto wa pwani, nilitapika kwa harufu ya samaki wa jirani wa nyumba ya tatu. Nilikula ugali mkavu na ukwaju kama mfungwa.

Siku ya dripu ya kwanza, kwenye benchi, binti yake Lusia alikuwa ameinamia simu yake. Akanitazama, akaitazama simu, akanitazama tena.

"Mama, si wewe huyu? Uko kwenye estado."

Estado najua ni serikali. Karatasi zangu za utambulisho ziliungua tulipokimbia, nikadhani sasa serikali imenibaini.

"Nimeikosea nini serikali?"

"Si hiyo, mama. Estado ya simu. Pale mtu anapoweka mambo yake ya leo, kesho yanafutika."

"Kama yanafutika, wewe umeyapataje?"

"Yanafutika kwake. Wengine wanakuwa wameshayachukua."

Akanipa simu. Nikajiona. Kichwa wazi, nywele zimevurugika, mdomo umeachama kwa maumivu, titi moja limelala na upande wa pili nyuzi. Nyuma yake kaswida inaimba, na sauti ya Ancha inasema polepole, tamu, kama ya mtangazaji: "Ndugu zangu katika imani, muombeeni dua wifi yangu, Mama Rehema wa Palma, maradhi yamemla titi." Na mwishoni kabisa sauti yangu mimi. Asante wifi, Mungu akulipe. Aliiacha hiyo, hata hakujali kuikata.

Nilimkuta Ancha bombani, anachota maji. Nikamwonyesha.

"Ee, umeiona!" akasema, bado anacheka. "Wifi, wewe unapendwa! Amina zinamiminika, mpaka kutoka Mtwara, mpaka Macaloe. Mtu mmoja amelia kabisa, kaniandikia."

"Ancha, mimi niko uchi hapo."

"Uchi gani? Mgonjwa ana uchi? Watu wasipoona hawaombi, wifi. Ukiwaandikia maneno matupu wanapita tu."

"Dua inasikilizwa na Mungu. Mungu alihitaji picha?"

Akanuna. Akaniambia dawa imenipanda kichwani, akabeba ndoo yake. Siku ile nilijua kitu ambacho nataka wewe ukijue kabla hujalala kwenye kitanda chao: kuna mtu atakuosha, atakulisha, atakupangusa matapishi, na bado atakuuza. Ancha hakuniuza kwa fedha. Aliniuza kwa amina. Alikuwa anavuna amina kama mtu anayeokota maembe chini ya mti wa mwenzake.

Nilirudi Palma baada ya dripu ya pili. Sumaila alinipokea vizuri, lakini hakunitazama usoni. Alikuwa ameiona. Aliniambia baadaye kwamba siku ile alipofika walipokaa wanaume, wote waligeuza simu zao kifudifudi kwa pamoja, na kwa namna walivyozigeuza akajua. Nilimwambia amkanye dada yake.

"Nia yake ilikuwa dua," akasema.

"Na wewe unaliamini hilo?"

"Ni dada yangu, Mwanaisha. Nifanye nini, nimpige?"

Akahamishia mkeka wake sebuleni, eti asinigongee kidonda. Yeye sikumweka kwenye orodha ya maadui, lakini ya marafiki pia nilimtoa kwa muda.

Rehema hakuja kunipokea begi. Alikaa chumbani, mgongo ukutani, simu mkononi, amekonda kuliko mimi niliyekuwa kwenye dripu. Ninamwita anaitikia "labeka" na haji. Skola haendi. Nikadhani ananiona kinyaa, na nakwambia kweli, hilo liliniuma kuliko kisu. Mpaka mchana mmoja nikaingia bafuni bila kupiga hodi, nikamkuta amesimama, anajifunga.

Alikuwa amechana kapulana yangu, kitenge cha zamani, vipande virefu. Anajizungushia kifuani, anavuta kwa meno, anakaza. Ngozi ya mbavuni imechubuka na kuwa ya zambarau.

"Rehema! Unajifanya nini?"

Akajikunja, akajifunika. "Toka, mama."

"Sitoki. Hicho ni nini?"

"Nabana."

"Unabana nini?"

"Nabana isitoke." Ndipo akalia, akateleza mpaka chini kwenye maji. "Iko kwangu. Wote wanajua. Kina Abudo wameniacha kwa hilo. Hujaambiwa?"

Sikuwa nimeambiwa. Posa ya mwanangu ilikuwa imevunjwa mimi nikiwa Nampula, na Sumaila akanificha ili nisizidiwe. Nikakaa hapohapo kwenye maji na kipara changu, nikamwambia anieleze tangu mwanzo. Alinieleza hivi.

Ile video ilitoka kwa Ancha ikaingia kwenye kila grupu la simu, la maulidi, la soko, la mtaa, mpaka ikamfikia mwalimu wake, Profesori Armindo, mtu wa kuja, aliyeletwa na kazi kutoka Inhambane. Badala ya kuifuta, Armindo akaitupa kwenye grupu la darasa, na wazazi wamo humo, akaandika chini yake: "Cancro da mama. Força, Rehema." Kwa lugha yake alikuwa anasema, kansa ya titi, jipe moyo Rehema. Kwa lugha yake.

Grupu hilo lilikuwa na binamu yake Abudo. Binamu akaipeleka Mute kwa mama yake Abudo, Bi Zulfa. Huyu Bi Zulfa anajifanya msomi wa Kireno kwa sababu zamani alimpikia mkuu wa posto, ofisi ya serikali. Akawakalisha jamaa, akasoma, akafasiri. "Cancro da mama: kansa ya mama, yaani inatoka kwa mama. Força, Rehema: nguvu yake iko kwa Rehema." Akafunga simu. "Mmesikia? Imeandikwa na profesori. Mama anayo, lakini nguvu yenyewe iko kwa mtoto. Tunaoa jeneza."

Mshenga akatumwa kwa Sumaila siku ya pili yake.

Na darasani wakampa mwanangu jina. Forsa. Akiingia: "Forsa kaja!" Akikohoa: "Forsa, geukia kule!" Wasichana wa benchi lake wakahama. Kisha yakahamia kwenye simu, watu asiowajua, wa Pemba, wa wapi, wanamwandikia: Forsa, umebakiza mangapi? Forsa, onyesha na wewe. Anasoma. Anasoma tena. Nikamwambia lete hiyo simu niitupe chooni.

"Ukiitupa, mama, watasema na mimi sitasikia."

Wewe mwenye mtoto wa umri huo, ulipime jibu hilo. Mimi nilikuwa nadhani simu ndiyo imemshika. Yeye ndiye aliyeishika, kama mtu anayeshika mlango usifunguliwe na wezi.

Kesho yake nikampeleka kituo cha afya. Enfermera wa pale akamshika taratibu, akamwambia hana kitu. Rehema akamuuliza kama atakuwa nacho. Yule mwanamke hakudanganya. Alisema, "Wapo wanaorithi na wapo wasiorithi. Dawa yake ni kujishika na kuja kutazamwa. Kubana hakuzuii kitu, kunaumiza tu." Rehema hakuamini siku ile. Kile kitambaa hakikufunguka siku moja. Kilifunguka kama nywele zangu zilivyoota, kidogo, nyepesi, kwa mashaka.

Kutoka pale sikurudi nyumbani. Nilikwenda skola. Nimepaka msiro, nimejifunga kapulana mbili, natapika njiani. Profesori Armindo akanitolea kiti nje ya darasa.

"Senyora, nilitaka kumpa moyo tu. Na nimeshaifuta. Nimeiapaga, imekwisha."

"Umeiapaga kwako. Ile iliyoko Macaloe anaiapaga nani?"

"Sikujua watu wataelewa vile."

"Unafundisha hapa mwaka wa ngapi?"

"Wa nne, senyora."

"Miaka minne, na hujajua kwamba hapa mama ni mama?"

Nikamwambia aingie darasani awaeleze, mimi nikiwa hapo. Akaandika ubaoni, MAMA, kisha kwa aibu akaandika TITI. Darasa zima likaangua kicheko. Mvulana mmoja nyuma akasema, "Kumbe profesori alimtumia Rehema titi!" Nikasimama, nikavua kitambaa, wakaona kichwa kama yai.

"Cheka," nikamwambia yule. "Mimi mwenyewe nilicheka, tena hospitalini. Ukimaliza kucheka nenda nyumbani umwambie mama yako ajishike kifua. Na huyo anayemwita mwanangu Forsa, aje aniite mimi, kipara changu hiki."

Hakuna aliyekuja. Lakini usidhani chaki inafuta. Jina liliendelea mpaka mwisho wa mwaka. Armindo aliomba uhamisho, akaenda. Aende. Popote alipo, kama bado ana kidole kinachowashwa kutuma, ajue Palma kuna msichana alijichubua mbavu kwa herufi zake chache.

Dripu zilizobaki nilikwenda na Rehema. Hilo ndilo ninalokwambia ufanye, nenda na mtu ambaye aibu yako inamuuma yeye mwenyewe, si yule ambaye mila imesema inamuuma. Tulikaa kwenye benchi na Lusia, tunanyonya ukwaju. Kwenye dripu ya mwisho Lusia hakuwepo. Binti yake alituambia. Rehema akalia kuliko mimi, nami nikaona aibu kwamba nilifurahi kumwona analia kwa ajili ya mwingine.

Mvua nyingine zikaja, zikapita. Nywele zikarudi, za kipilipili zaidi, nyeupe kidogo. Samaki nikaanza kumvumilia, kwanza wa kukaanga, halafu wa mchuzi. Kutoka Mute ukaja ujumbe wa Abudo: eti mambo yalikuwa ya wazee, yeye moyo wake haujabadilika, je wazungumze? Rehema akanisomea. Nikamwambia asijibu. Akasema, "Namjibu neno moja tu." Akaandika: Forsa. Akamfungia asiandike tena. Nilicheka mpaka kovu likavuta. Bi Zulfa nakutana naye sokoni. Ananitolea salamu ndefu za Kireno, bom dia, como está, nami namwitikia kwa sauti ya soko zima, "Bi Zulfa, hilo ulilosema unalijua maana yake, au unafasiri?" Wauza mihogo sasa wameshalizoea, wananisaidia. Amebadilisha siku zake za soko. Abadilishe na soko.

Akabaki Ancha. Wakati wote huo alikuwa anasema kwa watu kwamba mimi sina shukrani, kwamba alinifulia damu. Kweli alinifulia. Ikaja Idi. Kwetu siku ya Idi mtu akikujia kuomba radhi hukatai, ni kama kumnyima maji. Ancha alilijua hilo, akaichagua siku hiyo. Akaja amepaka msiro mpya, sahani ya kashata mkononi, Sumaila nyuma yake na jamaa wawili wa kiumeni wawe mashahidi. Ancha akaketi mkekani, akaiweka sahani mbele yangu.

"Wifi, leo Idi. Kama nilikukosea, nihalalishie."

"Kama?"

"Haya, nilikukosea."

"Kitu gani?"

Sumaila akaingilia, "Mwanaisha, si ameshasema? Mpe mkono yaishe."

"Yaishe wapi? Yeye hakunikosea humu sebuleni." Nikamgeukia Ancha. "Simu umekuja nayo?"

"Ninayo."

"Ina mega?"

"Zipo."

"Basi rekodi. Kwa sauti ileile tamu. Sema: mimi Ancha nilimpiga picha wifi yangu yuko uchi, yeye anadhani nammulikia, nikawapa watu, na binti wa kaka yangu akavunjiwa posa na kuitwa Forsa kwa ajili yangu. Itupe kwenye grupu zote ulizotupa ile. Ukimaliza, mkono wangu huu."

Akaitoa simu kweli. Akaishika. Kidole kikasimama juu yake, mtu ambaye kidole chake hakijawahi kusimama.

"Wifi, watu wataniona mbaya."

"Mimi waliniona uchi."

Jamaa wakatazama mkeka. Ancha akageuka, akamtafuta Rehema, aliyekuwa amesimama mlangoni, amevaa gauni la Idi, kifua chake kimeachiliwa kama alivyoumbwa. Akamnyooshea mkono abusu, kama mtoto anavyombusu shangazi yake. "Mwanangu, mseme mama yako. Mimi ndiye nitakayekuweka ndani siku yako. Nani mwingine wa kukuweka?"

Rehema hakuushika mkono. Alichukua ile sahani ya kashata, kwa adabu, kwa mikono miwili, akamrudishia kwenye mapaja.

"Siku yangu haitakuwa na shangazi," akasema.

Hakupaza sauti. Ndiyo mara ya kwanza tangu maradhi yaingie nyumba hii kumsikia anasema neno ambalo hakuna aliyemtumia kwenye simu. Ancha akalia. Sikumhurumia, na nakuandikia hivyo ili usidhani nimejificha. Sumaila akamsindikiza mpaka njiani, akarudi, akaukunja mkeka wake wa sebuleni, akaupeleka chumbani.

Watu wananiambia asiyesamehe dawa haimkai mwilini. Yangu imekaa. Nakwenda kutazamwa kila mvua zikiisha, na mpaka sasa wananiambia niko salama. Wewe uliyeshika kile kitu, nenda leo, usingoje kipasuke. Mwenye simu akisimama karibu na kitanda chako, hata umeme ukikatika, mwambie aiweke chini, bora wakufunge bandeji kwa kupapasa. Na mtoto wako mwambie wewe mwenyewe, kwa kinywa chako, kabla hajasoma.

Na kuhusu Ancha, masheikh wetu wametufundisha kwamba Mungu husamehe yaliyo yake, lakini haki ya mja haiachi mpaka mja mwenyewe aiachilie. Mimi sijaachilia. Siku ile tutafufuliwa sote uchi, kama tulivyozaliwa, na hakuna atakayekuwa na nafasi ya kumtazama mwenzake. Ancha atakuwa anapita katikati ya watu, ananitafuta nimhalalishie.

Anitafute.